Je, wajua? Injini ya mvuke hupanda mlima kabla ya kuufikia

Kichwa cha treni ya mvuke hakina ufunguo wa kuwashia. Dereva akitaka kuondoka saa nne asubuhi, lazima mtu awe amewasha moto tangu alfajiri, na kabla ya kuuwasha awe amehakikisha kwa macho yake kwamba boila ina maji. Kuharakisha kazi hiyo ni kuiharibu mashine. Chuma na shaba hutanuka kwa joto, kila kimoja kwa kiasi chake, na vikipashwa ghafla viungo huanza kuvuja na mabamba hupata nyufa. Kwa hiyo moto hulelewa polepole, kwa kuni kwanza, kisha makaa ya mawe, saa baada ya saa, mpaka geji ya shinikizo la mvuke ianze kupanda.

Mashine hiyo ilikwisha kupitwa na dizeli na umeme zamani. Mvuke hutumia vibaya nishati yake: injini nyingi za aina hii hugeuza chini ya asilimia 10 ya joto la makaa kuwa nguvu ya kuvuta. Hata hivyo, nchini Uingereza maelfu ya watu wasiolipwa hata senti hutoa siku zao za mapumziko kujifunza kuiendesha, na wengine hujifunza kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuvuta abiria.

Chimbuko lake Wales

Mwanzo wa jambo hili ni reli ndogo ya Talyllyn, huko Wales. Ilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn ulioko pwani. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 686 tu. Machimbo yalifungwa mwaka 1946, lakini mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, alishikilia kwamba treni itaendelea maadamu yeye yu hai. Alifariki mwaka 1950.

Oktoba mwaka huohuo, mhandisi na mwandishi Tom Rolt na wenzake waliitisha mkutano mjini Birmingham. Wazo lao lilikuwa jipya kabisa: wapenzi wa reli wenyewe waiendeshe kwa kujitolea. Tarehe 14 Mei 1951 treni yao ya kwanza iliondoka Tywyn, na Talyllyn ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Mwanzoni injini iliyoweza kufanya kazi ilikuwa moja tu, Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866. Kwa bahati njema, reli jirani ya Corris iliyokuwa imefungwa ilikuwa na upana uleule, na injini zake mbili zilizobaki zilinunuliwa kwa pauni 25 kila moja. Miongoni mwa waliojitolea miaka hiyo ya mwanzo alikuwemo kasisi Wilbert Awdry, mtunzi wa hadithi za watoto za injini ya treni iitwayo Thomas.

Kinachotokea ndani ya boila

Tanuri la injini limezungukwa na maji ubavuni na juu. Hewa ya moto hutoka humo, hupita katika mabomba membamba yaliyozama ndani ya maji, huingia katika chumba cha moshi kilicho mbele, kisha hutokea kwenye dohani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke mahali pa wazi huhitaji nafasi ya lita 1,600 hivi. Ndani ya boila haipati nafasi hiyo, basi shinikizo hupanda. Likifika mara kumi ya lile la hewa ya kawaida, maji huchemka kwenye nyuzi 180 za Selsiasi badala ya 100. Mvuke huo ukifunguliwa kuingia silinda, husukuma pistoni, nayo pistoni huzungusha magurudumu.

Mvuke uliokwisha kusukuma hautupwi ovyo. Hupulizwa kwenda juu kupitia dohani, na katika kutoka kwake huvuta hewa ya moto kutoka mabomba, nayo huvuta hewa mpya kupita katikati ya makaa. Injini hujipepea yenyewe kama mpishi apepeaye jiko: kadiri inavyovuta kwa nguvu, ndivyo moto wake unavyokolea. Ule mhemo wa treni ya mvuke ni sauti ya kazi hiyo. Injini ya silinda mbili huhema mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Kazi ya fayamani

Hapa ndipo ugumu ulipo. Makaa yakitupwa tanurini hayatoi nguvu papo hapo. Kwanza hupoza moto, kisha gesi zake huwaka, ndipo yanapoiva na kuwa mekundu. Fayamani, mtunza moto, anayesubiri mlima ufike ndipo ashike koleo, amekwisha kuchelewa, kwa sababu shinikizo litashuka wakati dereva analihitaji mno. Lazima ajenge moto wa mlima akiwa bado kwenye tambarare. Naye akizidisha karibu na stesheni, vali ya usalama hufunguka, na maji na makaa aliyoyahangaikia hupotea angani.

Maji nayo yana hesabu yake. Maji baridi hupunguza nguvu ya mvuke, kwa hiyo huongezwa pale ambapo mvuke umezidi. Huingizwa kwa injekta, kifaa alichokibuni Mfaransa Henri Giffard na kukisajili mwaka 1858. Mvuke wa boila hupitishwa kwenye tundu jembamba ukapata kasi kubwa, hukutana na maji baridi ukapoa na kugeuka maji, na kuyakabidhi kasi yake. Kasi hiyo ikipunguzwa hugeuka shinikizo lenye kutosha kuyaingiza maji ndani ya boila ileile ulikotoka mvuke.

Kioo cha maji nacho chataka mtu mwenye akili tulivu. Injini ikipanda mlima dohani ikiwa mbele, maji huegemea nyuma, juu ya tanuri, na kioo huonyesha mengi. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji hukimbilia mbele. Dari la tanuri likibaki wazi, chuma hupoteza uimara wake na boila yaweza kupasuka. Ndiyo maana dari hilo huwekewa kizibo chenye risasi, ambayo huyeyuka na kutoa mvuke kwa kishindo ili kuonya. Fayamani mzuri haishi kwa kutegemea kizibo. Anaijua njia yote, kila mwinuko na kila kona.

Ngazi za kujifunza

Mwanafunzi huanza na tambara na mafuta. Kusafisha injini humfundisha kila kiungo kwa vidole vyake, na mara nyingi ni mkono wa msafishaji unaogundua ufa au nati iliyolegea. Baadaye hufundishwa kuwasha moto, kisha kuwa fayamani chini ya macho ya mzoefu, na mitihani ya kanuni za usalama haikosekani. Udereva huja mwisho, kwa sababu dereva asiyeujua moto huumaliza mvuke wa mwenzake. Dereva hodari huuingiza mvuke kwa muda mrefu wakati wa kuondoka, kisha hupunguza muda huo mwendo unapokolea, ili mvuke kidogo utanuke na kumaliza kazi.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama Mount Gelai, injini ya aina ya Garratt yenye uzito wa tani 250 hivi, iliyopewa jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Ni moja ya 34 zilizoundwa Manchester miaka ya 1950 kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilichoma mafuta badala ya makaa, lakini maji, kioo na mlima vilikuwa vilevile. Chuma kinaweza kupakwa rangi na kutunzwa karne nzima. Ujuzi wa kukiendesha hauna rangi ya kuupaka. Hukaa katika mtu, na humwingia mwingine kwa kufanya kazi bega kwa bega. Wazee waliozitunza injini hizi bado wamo miongoni mwetu, na inafaa vijana wetu wakaketi nao, waulize, waandike, na pale injini inapowashwa tena, washike koleo au vali wenyewe.