Gesi Iuzwe Kama Mkaa

Kuanzia saa 11 jioni, genge lolote la Manzese au Mbagala huuza nyanya za fungu, mafuta ya kula ya kupimiwa, unga wa robo na mkaa wa kopo. Kopo moja la buku, mawili kama nyumbani kuna maharage. Anayenunua hapo hawazi mwezi ujao. Amerudi na alichopata leo, anagawa: hiki cha unga, hiki cha mboga, hiki cha moto. Kesho atatafuta cha kesho.

Hesabu hiyo ndogo imeishinda mipango mikubwa ya nishati ya nchi hii kwa zaidi ya miaka 20, na naamini itaendelea kuishinda mpaka gesi na umeme wa kupikia vitakapouzwa kwa namna hiyohiyo.

Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu biashara ya mkaa Tanzania mwaka 2009. Kati ya 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa kuliko nishati nyingine zilipanda kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71. Tuikumbuke miaka hiyo. Uchumi ulikuwa unakua mwaka hadi mwaka, minara ya simu inasimikwa kila mtaa, na mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilifika jijini kwa bomba na kuanza kuzalisha umeme. Jiji likazidi kuwa la kisasa, na jiko likazidi kuwa jeusi. Mwaka 2006 serikali ilijaribu kupiga marufuku mkaa. Marufuku hayakudumu, ilikuwa lazima watu wale.

Wakati wa sensa ya 1967 wakazi wa Dar es Salaam hawakufika 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hao wote wanakula kila siku, na mkaa wao unatoka Kilwa, Rufiji, Handeni na Kilosa, kwa malori ya usiku na kwa pikipiki zilizobeba magunia mpaka dereva haonekani. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa humeza kilo 6 hadi 10 za kuni. Nyingine huishia hewani kabla sufuria haijatengwa.

Lakini msitu nimeutaja tu. Kilichonifanya niandike ni mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Hapa kwetu, viongozi wa serikali wamekuwa wakitaja Watanzania 33,000 wanaokufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi tukisikia moshi tunafikiria kikohozi tu. Kumbe chembechembe zake nyembamba, ambazo jicho halizioni, hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wanaouawa na moshi hufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo, si kwa saratani ya mapafu na pumu za uzeeni peke yake. Mama akianguka ghafla akiwa na miaka 55, msibani tutasema ni presha. Hakuna atakayeuliza kapikia nini miaka 40.

Mtoto naye yuko mgongoni mwa mama anayepika, pua yake karibu na mvuke wa sufuria na moshi wa kuni. Anayekulia kwenye moshi wa ndani ya nyumba yuko karibu mara mbili zaidi katika hatari ya nimonia. Tunajenga vituo vya afya, tunanunua mitungi ya oksijeni, na tunafanya vizuri. Ila mtoto huyo akipona anarudishwa kwenye jiko lilelile.

Mkaa una hila yake. Hautoi moshi mwingi, ndiyo sababu unapendwa kwenye nyumba za kupanga, lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia za mikoa ya Nyanda za Juu Kusini zilizoingiza jiko chumbani ili kuota moto, zikafunga madirisha, zisiamke asubuhi. Wanaokufa hivyo hawakufanya ujinga. Walikuwa na baridi, na jiko lilikuwa chombo pekee cha joto walichokuwa nacho.

Kuna madhara mengine ambayo hayaandikwi kwenye cheti chochote cha daktari. Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga, Mwanza na Simiyu, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ukachukuliwa kuwa alama ya uchawi. Wanaharakati na watu wa afya wamesema kwa miaka mingi kwamba macho hayo ni kazi ya moshi: mwanamke aliyepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha tangu akiwa binti. Amewapikia watoto na wajukuu, kisha alama ya kazi hiyo inageuzwa kuwa hati ya kumuua. Nikisikia mtu akiita nishati ya kupikia jambo la wanawake, nawakumbuka bibi hao.

Serikali haikukaa kimya, na haki yake ipewe. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tarehe 14 ya mwezi huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambako wafadhili na kampuni waliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa ruzuku, mingine bure, mbele ya kamera, kwa mama lishe waliovaa fulana mpya.

Shida huanza mtungi unapoisha. Kuujaza ule wa kilo 6 kunataka zaidi ya Sh20,000 kwa mkupuo. Muuza vitumbua anayezungusha mtaji wa Sh30,000 hawezi kuufungia ndani ya chuma. Hata kama gesi ni nafuu kuliko mkaa ukipiga hesabu ya mwezi mzima, yeye hana mwezi mzima mkononi, ana leo. Basi mtungi unasogezwa pembeni, unawekewa kitambaa, unakuwa meza ya redio. India ilitangulia kulijua hili. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa Ujjwala na hatimaye kuwafikishia gesi mamilioni ya wanawake maskini, kazi kubwa isiyo na mfano. Mkaguzi mkuu wao alipochungulia miaka michache baadaye, alikuta wastani wa kujaza ni kama mitungi 3 tu kwa mwaka. Kuni zilikuwa bado uani.

Wengi huuliza: tuna gesi Songo Songo, tuna gesi Mnazi Bay kule Mtwara, mbona ya kupikia ni ghali? Swali ni la haki na linastahili jibu la wazi. Gesi ya kwetu ni methani, ambayo husafiri kwa bomba; kuitia kwenye mtungi kunahitaji mgandamizo mkubwa mno au baridi kali ya chini ya nyuzi 160 chini ya sifuri. Ya mtungi ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu. Hiyo tunaiagiza kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, na bei yake hufuata soko la dunia na dola. Bomba la Mtwara lenye kilomita 542, lililozinduliwa 2015, limebeba gesi hasa kwa ajili ya mitambo ya umeme na viwanda. Nyumba zilizounganishwa na mabomba ya gesi asilia bado ni chache sana.

Dawa ya mkupuo ilibuniwa hapahapa. Kampuni ya KopaGas iliyoanzia Dar es Salaam ilitengeneza mita inayofungwa juu ya mtungi. Mteja anatuma pesa kwa simu, hata kiasi kidogo, valvu inafunguka, anapika mpaka salio lake liishe, inajifunga. Kampuni inaona kwa mbali gesi inapokaribia kwisha na kuleta mtungi mwingine mlangoni. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas ilinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25, na kwa kushirikiana na Safaricom ikaipeleka Kenya kwa jina la M-Gas. Mita hii inamtendea mteja sawasawa na muuza mkaa anavyomtendea: haimuulizi ana kiasi gani, inamuuzia anachoweza. Kasoro yake ni kwamba mita ni ghali kuliko mtungi wenyewe, kwa hiyo kampuni huanzia mitaa yenye wateja wengi waliosongamana. Ruzuku ya umma ingeelekezwa huko, kwenye mita, badala ya kuongeza mitungi ya kuwekea redio.

Tuje kwenye umeme, ambako mimi naona aibu kubwa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na Machi mwaka huohuo baadhi ya vituo vingine vya umeme wa maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi matumizi. Nchi ilizima mitambo kwa wingi wa umeme, na jioni hiyohiyo anga la Buguruni lilijaa harufu ya mkaa.

Sehemu ya sababu iko kwenye bei. Kwa viwango vilivyowekwa 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi. Uniti ya 76 inapanda hadi Sh350. Nia ilikuwa njema: kumlinda mnyonge. Lakini uniti 75 zinatosha taa, televisheni, feni na labda jokofu dogo. Mtu akithubutu kupika, anavuka. Ngao ya maskini imegeuka ukuta unaomzuia kupikia umeme, na wengi wamejifunza kuogopa jiko la umeme kuliko wanavyoogopa moshi. Anayepanga chumba ana tabu zaidi. Mita ni moja kwa wapangaji sita, umeme wa kulipia kabla (LUKU) wanachangishana, na mwenye nyumba amekwishasema hataki kuona pasi wala jiko la umeme kwenye nyumba yake.

Cha kusikitisha ni kwamba hofu hiyo imepitwa na wakati. Sufuria la presha la umeme, lile linalojifunga na kujizima lenyewe, huivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja. Hata kwa bei ya juu ya Sh350 na kodi juu yake, hiyo ni chini ya Sh500. Maharage hayohayo kwenye mkaa yanakula kopo moja au mawili, na mchana mzima wa kupuliza. Sisemi kila kitu kitaivia humo. Chapati zinataka chuma, na kuna nyumba ambazo wali usiopaliwa makaa juu ya mfuniko hauitwi wali. Nyumba hizo zibaki na jiko lao la wali. Makande, maharage, nyama ngumu na kisamvu vikihama, sehemu kubwa ya mkaa imehama navyo.

Sufuria hilo linauzwa kwa fedha nyingi kuliko kodi ya mwezi ya chumba kimoja Tandale, na hapo tunarudi kwenye mkupuo uleule. Ila tangu 2021 serikali inakusanya kodi ya majengo kwa kukata fedha kidogo kidogo kila mwezi kwenye LUKU. Mitambo ipo, watu wameizoea, na imethibitika kwamba fedha ndogo za mamilioni ya wateja zinakusanyika bila karani kupita nyumba kwa nyumba. Njia hiyohiyo inaweza kulipia sufuria kwa mwaka mmoja au miwili. Umeme wa kupikia upewe kiwango chake, uniti zaidi ya 75 kwa bei ya mnyonge kwa mwenye sufuria lililosajiliwa. Hapo tutajua kama kweli Watanzania wanapenda mkaa au wamekosa tu wa kuwauzia kingine.

Wako pia watu wa upande wa pili wa gunia. Ripoti ile ya 2009 ilikadiria biashara ya mkaa kuwa ya dola milioni 650 kwa mwaka, ikiajiri watu laki kadhaa. Hao si wahalifu. Ni wakulima ambao ufuta au mahindi yamewaangusha, na mti ndio akiba yao ya mwisho. Mwaka 2012, huko Kilosa, mradi wa mashirika ya misitu ya TFCG na MJUMITA uliofadhiliwa na Uswisi ulivipa vijiji mamlaka juu ya misitu yao: vikatenga maeneo ya kuvuna kwa mzunguko, visiki vikaachwa vichipue, ushuru ukabaki kijijini na kujenga madarasa na zahanati. Mkaa hautaisha 2034, hata mkakati ukifanikiwa wote. Asilimia 20 ya watu wanaoongezeka kwa kasi yetu ni mamilioni ya majiko. Mkaa wao utoke kwenye vijiji vya namna hiyo, wenye vijiji walipwe bei yake halali, na lori la usiku likose mzigo.