Makato ya AMCOS hayaeleweki? Anzia hapa

Umeuza marobota yako ya tumbaku kupitia AMCOS hapa Kaliua, lakini fedha zimeingia pungufu. Ufanye nini? Tunakushauri udai kwanza mchanganuo: kilo, daraja, bei, deni la pembejeo na ushuru wa chama. Linganisha na stakabadhi zako. Bodi isipojibu, peleka hoja kwenye mkutano mkuu, ambao ndio wenye kauli ya mwisho katika chama, na uombe wanachama wasomewe taarifa ya ukaguzi wa hesabu. Bado hujaridhika? Mwandikie Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, mkoani Tabora. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inampa Mrajis mamlaka ya kuagiza uchunguzi. Manung'uniko ya kijiweni hayaingii kwenye muhtasari wa kikao.