MBWA MUDOGO WA NYUMBANI



Vakansi iko karibu, na wengi kati yetu tutakuta mbwa kwetu. Kama ni yule mudogo aliyechanganyika na terrier, tunapenda kueleza namna ya kumulea.

Jina terrier linatoka kwa neno la Kifransa terre, ni kusema udongo. Kule Uingereza watu waliwazalisha mbwa hao ili wafuate panya na mbweha mpaka ndani ya mashimo. Kwa hiyo, hata kama mama yake ni mbwa wa hapa kwetu, anaweza kupenda kuchimba. Tusimupige fimbo, ni kazi ya mababu zake. Afazali kumupa nafasi nyuma ya nyumba na kumutembeza kila siku.

Chakula: bukari peke yake haitoshi. Tuchanganye na sambaza au nyama kidogo, na mayi safi. Mukubwa ale mara 2 kwa siku, mutoto mara 3. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka na kutoboa tumbo. Kitunguu kinaharibu damu yake.

Sasa jambo kubwa: kichaa cha mbwa. Kati ya watu 100 wanaopata ugonjwa huu, karibu 99 waliupata kwa mbwa. Unakaa ndani ya mate, unafuata mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Dalili zikionekana, mutu karibu haponi tena. Lakini mbele ya dalili kuna njia. Mwaka 1885, kule Paris, Louis Pasteur alimuchanja Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akapona.

Basi mbwa akiuma mutu, hata kidonda kikiwa kidogo, tusafishe kwa sabuni na mayi mengi dakika 15, kisha twende hospitali siku ile ile kwa chanjo. Tusiweke pilipili wala majani. Tuwafundishe wadogo wetu wasifiche, kwani mara nyingi mutoto ananyamaza akiogopa kugombezwa.

Mbwa naye achanjwe na munganga wa nyama akitimiza miezi 3, na kurudilia kwa wakati atakaoambiwa mwenye mbwa. Udogo wake haumukingi.

Tukifika nyumbani, tuulize wazazi kwa heshima: mbwa wetu alichanjwa lini?

Sisi wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6