Puse imekufa, karti haijafa

Katika makambi na ma cité yetu, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, tunakutana na vijana wenye kupenda kazi ya elektroniki. Wanatengeneza karti ndogo: moja inaamusha pompi maji yakipunguka katika siterne, ingine inalia mutu akifungua mulango usiku. Katikati ya karti ya namna hiyo kuna kadude keusi kenye miguu 18. Siyo puse ya telefoni. Hii ni puse yenye kushika programu, mafundi wanaiita mikrokontrolere. Katika karti nyingi za zamani, jina lake ni PIC16F84.

Siku puse inakufa, baba anaambiwa: « Karti yote imekwisha, nunua ingine. » Tunasema: ngojeni kwanza. Puse inaweza kubadilishwa na ile ya kisasa zaidi. Lakini kuibadili siyo kama kubadili ampule. Mutu wa mine anajua: pièce mpya ikiingia katika mashini bila réglage, inaweza kuharibu mashini.

Kwa nini ya zamani ilipendwa

Katika mwaka 1993, kampuni Microchip ya Marekani ilitoa PIC16C84. Mbele ya hapo, puse nyingi za namna hiyo zilikuwa na kidirisha cha kioo. Ukikosea programu, unaiweka chini ya taa ya ultraviolet dakika nyingi ili ifutike. Zingine hazikufutika hata kidogo: ukikosea, unatupa. Hii ilifutika kwa umeme tu. Kijana alikosea, alisahihisha, alijaribu tena saa ileile. Ndiyo sababu yeye na mudogo wake PIC16F84 walifundisha watu wengi duniani.

Lakini nafasi yake ni ndogo: maagizo 1024 ya programu, na okteti 68 tu za kumbukumbu ya kazi. PIC16F628A, yenye miguu 18 vilevile, inashika maagizo 2048 na okteti 224. Tena iko na saa yake ndani, ya megahertz 4; ukiitumia, hauna lazima ya kwartzi na kondansateri zake mbili. Na mara nyingi ni ile ya zamani yenye bei kali.

Miguu ileile, tabia ingine

Umeme unaingia kwa muguu wa 14, masi iko kwa muguu wa 5, kwa zote mbili. Puse mpya inaingia katika soketi bila shida. Halafu unawasha, na pompi haiamuki, ao inaamuka ovyo. Juu ya nini? Juu ya mambo matatu.

La kwanza: miguu 17, 18, 1 na 2. Kwa puse mpya, ikiwashwa tu, miguu hii inafanya kazi ya kulinganisha voliti. Programu ikiuliza kama maji yapo, inajibiwa paka sifuri. Lazima programu iandike 7 katika sanduku linaloitwa CMCON; hapo miguu inarudia kazi ya kawaida.

La pili: mahali pa kuweka hesabu. Ya zamani ilianza kwa adresi 0C. Mpya inaanza kwa 20, kwa hesabu ya heksadesimali. Programu isipobadilishwa, itaandika hesabu zake ndani ya masanduku yenye kuongoza puse yenyewe.

La tatu: muguu wa 10. Kama réglage yenye jina LVP imeachwa wazi, muguu huu ukipata voliti unaweza kusimamisha kazi, puse ikingoja programu mpya. Funga LVP wakati wa kuingiza programu. Wakati uleule uchague pia saa: ile ya ndani, ao kwartzi ya karti.

Programu iko wapi?

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kukwama. Puse mpya inatoka dukani tupu. Kama ya zamani ilifungwa ili isisomwe, ao imeungua kabisa, kazi yote imekwenda nayo. Kwa hiyo, ukilipa fundi kutengeneza karti, umuombe maandiko ya programu, siyo puse peke yake. Uyaweke katika ordinateur, na nakala kwa clé USB nyumbani pamoja na fakture. Fundi akihama, mutoto wako ao fundi mwingine ataendelea.

Mbele ya kurudisha pompi

Kata kuran, chomoa puse polepole, angalia alama ya kichwa: ikigeuzwa, inaweza kuungua. Pima voliti za soketi mbele ya kuingiza mpya. Lazima zikaribie 5. Kama ni alimentation ilioua ya kwanza, itaua na ya pili. Kisha ujaribu karti na taa ndogo mahali pa pompi. Ujaze maji katika ndoo, uyatoe, uangalie kama taa inawaka na kuzimika kwa wakati wake. Upande wa pompi kuna voliti 220: hapo mutoto asiguse peke yake.

Pompi yenye kuzunguka bila maji inaungua, na bei yake haifanani na ya puse. Saa mbili za kujaribu na ndoo zinalinda mushahara wa baba na maji ya mama.