Chui wa theluji na batri yetu

Jumapili jioni watoto waliweka filme moja ya Kifaransa, La Panthère des neiges. Mimi nilikuwa nimetoka poste ya mchana, mgongo unaniuma, nilitaka kulala tu. Sikulala. Nilikaa mpaka mwisho, maana yule bwana ndani ya filme anafanya kazi yenye kufanana na yetu: kulala pembeni ya jiwe, kunyamaza, kungojea.

Anaitwa Vincent Munier. Alizaliwa mwaka 1976, kule Vosges, mashariki ya Ufaransa, fasi ya misitu na theluji. Akiwa na miaka 12 alikamata foto yake ya kwanza ya nyama wa pori. Kisha akaenda mbali zaidi, kaskazini kabisa, kutafuta mbwa mwitu weupe. Filme hii, aliyotengeneza na Marie Amiguet, ilitoka 2021. Inaonyesha namna yeye na mwandishi Sylvain Tesson wanamtafuta chui wa theluji Tibet, zaidi ya metri 4.000 juu. Yule nyama ana rangi ya majivu na madoa, sawa na jiwe lenyewe. Anaweza kuwa mbele yako na usimuone.

Na baridi! Ile yetu ya mwezi wa saba asubuhi ni mchezo. Kule pumzi ya mutu inaganda juu ya kioo cha aparei. Ukirudi ndani ya hema yenye moto, unafunga kwanza aparei ndani ya sashe, la sivyo inajaa maji. Tena theluji inadanganya mashine: nyeupe ni nyingi sana, mashine inapunguza mwangaza, foto inatoka na rangi ya majivu. Fotografe anapashwa kuongeza mwangaza yeye mwenyewe.

Lakini kinachoogopa baridi kupita vyote ni batri. Ile ya kufanya siku nzima kwenye joto, kule inakufa mbio. Basi wanaziweka mfuko wa ndani, karibu na ngozi, wanabadilisha moja kwa moja. Hapo njo nilicheka peke yangu. Batri nyingi za namna ile ziko na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Batri inapashwa moto kifuani kama mtoto. Mwenye kuichimba, nani anamuweka mfukoni?

Kitu kilichonigusa zaidi ni foto moja. Munier alikamata kozi, ule ndege wa kuwinda, amekaa juu ya jiwe. Miezi ilipita. Alipoiangalia tena nyumbani, akaona nyuma ya jiwe kichwa na macho mawili: chui alikuwa pale, anamtazama yeye.

Mimi, delege wa sendika, niko na simu yenye kioo kilichopasuka. Siku moja nilikamata makamarade wawili wanacheka mlangoni mwa galeri. Juma mbili nyuma, paa ya pale ilianguka, mmoja akaumia mguu. Usiku nilifungua ile foto. Juu ya kofia zao, ufa ulikuwa unaonekana wazi, mrefu kama mkono. Niliipeleka kwa wakubwa. Waliniambia ni kivuli.

Ile foto ningali nayo.