Siri ya Biashara Mbele ya Hakimu: Istilahi na Haki ya Kujitetea

Makala haya yanakusudia kueleza suala linalowahusu wanasheria na wanaisimu kwa pamoja: ni vipi mahakama italinda siri ya biashara bila kumnyima mdaiwa haki ya kujitetea?

Tuanze na maana. Katika Kiswahili neno siri ni pana. Hutaja lolote ambalo mtu hapendi lijulikane. Sheria hairuhusu upana huo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara la Dunia, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake tangu 1997, unaweka masharti matatu katika kifungu cha 39: habari isiwe inajulikana kwa wepesi na watu wa fani hiyo, iwe na thamani ya kibiashara kwa sababu imefichwa, na mwenyewe awe amechukua hatua za kuificha. Kwa hiyo kanuni ya kuchanganya dawa za kutengenezea sabuni yaweza kuwa siri, lakini ustadi wa mikono alioupata mfanyakazi kazini ni mali yake.

Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamkataza mfanyakazi kufichua siri za utengenezaji au za biashara za mwajiri wake. Mgogoro ukizuka, mlalamikaji hukumbwa na tatizo: ili athibitishe kwamba siri yake imechukuliwa, hana budi kuieleza, na akiieleza hadharani, si siri tena.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema, katika kifungu cha 20, kwamba vikao vya mahakama ni vya hadhara, isipokuwa uwazi ukionekana kuhatarisha utulivu wa umma au maadili mema. Msomaji atambue kuwa siri ya biashara haikutajwa miongoni mwa sababu hizo mbili. Aidha, kifungu cha 19 kinahakikisha haki ya kujitetea, na cha 21 kinataka hukumu iandikwe, ielezwe sababu zake, na kutamkwa hadharani.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kuwaficha watazamaji, na kumficha mdaiwa. La kwanza laweza kuvumilika. La pili ni hatari. Mfanyakazi anayeshitakiwa kwa kumpelekea mshindani kanuni fulani, asipoonyeshwa kanuni hiyo, atathibitishaje kwamba mafundi wote walikwisha kuijua? Waluba wana mfano wa lukasa, ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye, uliosomwa na waliofundwa tu. Katika chama cha wazee jambo hilo lilikuwa na hekima yake. Mahakamani, ushahidi unaosomwa na upande mmoja tu si ushahidi.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kusawazisha haki hizo kwa agizo lake la mwaka 2016. Hakimu aweza kupunguza idadi ya watu wanaoona nyaraka au kuhudhuria kikao, na kutoa kwa umma nakala ya hukumu ambayo sehemu za siri zimeondolewa. Lakini kila upande sharti ubakiwe na walau mtu mmoja, pamoja na wakili wake. Wote walioruhusiwa hufungwa na wajibu wa kutotoboa walichokisikia.

Limebaki suala la lugha. Katika mji kama Kamina, faili huandikwa kwa Kifaransa, ilhali shahidi aweza kujieleza kwa Kiswahili au Kiluba. Siri basi hupita pia kinywani mwa mkalimani, naye apaswa kufungwa na wajibu uleule. Tena achague neno kwa uangalifu. Mbuzi akiibwa, mwenyewe hana mbuzi; siri “ikiibwa”, mwenyewe bado anayo. Kufichua ni kumjulisha asiyejua. Kutumia bila idhini ni jambo jingine. Kukumbuka tu si kosa. Mkalimani akiyatafsiri yote matatu kwa neno “kuiba”, mdaiwa amekwisha kuhukumiwa kabla hakimu hajafungua kinywa.

Ndiyo maana uundaji wa istilahi za sheria si pambo la lugha. Ni sehemu ya haki yenyewe, na wanafunzi wetu wa isimu wanayo kazi ya kufanya hapo.