Manowari ya Maji Mafupi: Kazi ya "Severn" katika Pwani ya Kusini

Mvuvi wa Mchinga hahitaji kufundishwa kwamba bahari ina saa zake. Wakati wa bamvua maji ya pwani ya Lindi na Kilwa hupanda na kushuka kwa meta 3 na zaidi, na mahali palipoelea jahazi asubuhi huweza kuwa matope matupu adhuhuri. Jambo hili la kila siku ndilo lililowatatiza wakuu wa manowari za Uingereza katika miaka ya 1914 na 1915, hata wakalazimika kuleta kutoka Ulaya chombo kisichofanana hata kidogo na manowari za bahari kuu.

Chanzo kilikuwa manowari ya Kijerumani "Königsberg". Tarehe 20 Septemba 1914 iliipiga na kuizamisha "Pegasus" ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikatoweka. Habari zake zilipatikana kusini. Tarehe 19 Oktoba manowari "Chatham" ilifika Lindi na kutuma mashua yenye silaha katika mto Lukuledi, na huko ikakutwa meli ya abiria ya Kijerumani, "Präsident", imejificha. Karatasi zake zilitaja makaa ya mawe yaliyopelekwa Salale, katika delta ya Rufiji. Msako ukaelekea kaskazini, kupita Mchinga na Kilwa, na tarehe 30 Oktoba milingoti ya "Königsberg" ikaonekana juu ya mikoko.

Kuonekana si kufikiwa. Wajerumani walikuwa wameipima delta kabla ya vita, nao walijua ni mkono upi wa mto upitikao maji yakijaa. "Chatham", ambayo tumbo lake lilizama karibu meta 5 majini, haikuthubutu kuwafuata. Ilibaki nje ikirusha makombora kwa mbali, bila faida kubwa.

Dawa ilipatikana katika vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya mto mwingine kabisa. Kiwanda cha Vickers huko Uingereza kilikuwa kimeunda manowari tatu za mto Amazon kwa serikali ya Brazil. Vita vilipoanza, Uingereza ilizinunua, na ile iliyoitwa "Solimões" ikapewa jina la "Severn". Ilikuwa na urefu wa meta 81 na upana wa meta 15, lakini ilizama meta 1.7 tu. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Arkimedi ataona siri yake mara moja: chombo huelea kinaposukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Uzito ukitandazwa juu ya eneo kubwa, kina kinachohitajika hupungua. Lakini sakafu bapa ina gharama yake baharini, kwani "Severn" ilikwenda pole na kuyumba vibaya katika mawimbi. Pamoja na mwenzake "Mersey", ilikokotwa na matagi kwa kupitia Malta, Suez na Aden, ikafika Mafia mwezi Juni 1915. Hapo iliongezewa mabamba ya chuma na mifuko ya mchanga, na madebe matupu ya mafuta ya taa yakapangwa ndani ili iendelee kuelea hata ikitobolewa.

Tarehe 6 Julai manowari hizo mbili ziliingia mtoni. Mikoko iliificha shabaha, hivyo ndege ilipaa juu na mtazamaji wake akatuma masahihisho kwa simu ya upepo. Zaidi ya makombora 600 yalifyatuliwa, lakini yaliyoipata shabaha yalikuwa machache mno. "Mersey" yenyewe ilipigwa, mmoja wa mizinga yake mikubwa ukaharibika, na baadhi ya mabaharia wakafa.

Kosa halikuwa la mizinga wala la macho ya mtazamaji. Manowari zote mbili zilikuwa zikifyatua pamoja. Mtazamaji alipoona matope yakiruka hakuweza kujua kombora lilikuwa la nani, na aliposema "mbele kidogo", huenda aliyetii ni yule aliyekwisha kulenga sawasawa. Mwalimu wa maabara anaijua hali hii: mambo mawili yakibadilishwa kwa pamoja, jawabu halisomeki.

Waliporudi tarehe 11 Julai walifyatua kwa zamu. "Severn", chini ya Nahodha Eric Fullerton, ilitia nanga na kupiga peke yake, ikirekebisha shabaha hatua kwa hatua mpaka makombora yakaanza kuangukia mahali pake. Ndege ya Cull na Arnold ilipigwa. Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka, wakaangukia mtoni na kuokolewa wote wawili. Mchana huo Nahodha Max Looff, mwenyewe amejeruhiwa vibaya, aliamuru "Königsberg" ilipuliwe.

Wajerumani, hata hivyo, waliiopoa mizinga yake yote 10. Iliundiwa magurudumu, ikakokotwa kwa kamba na mamia ya watu kupitia misitu na vinamasi. Majina ya maofisa wa pande zote mbili yamehifadhiwa vitabuni; ya waliovuta kamba, hapana. Waingereza waliiteka bandari ya Lindi mwezi Septemba 1916, na mwaka uliofuata mmoja wa mizinga hiyo ulikuwa ukiwarushia makombora papo hapo bandarini, kusini tu ya Mchinga.

"Severn" iliuzwa mwaka 1921 ili ivunjwe kuwa vyuma chakavu. Mzinga mmoja wa "Königsberg" upo Mombasa, katika Ngome ya Yesu, karibu na mzinga wa "Pegasus".